Kibaha hadi Posta kila siku: mwongozo kamili wa kuchagua gari dogo la bei nafuu

Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, alinunua gari dogo siku ya Ijumaa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta pembeni mwa barabara pale Kibamba, boneti juu, mvuke unafuka, mkononi kashika chupa ya maji ya kunywa na hajui ayamimine wapi.

Gari lile lilikuwa limejaribiwa. Alilizungusha mtaani kwa dalali mara mbili, AC ikapuliza baridi, injini ikatulia, akalipa. Lakini mzunguko wa mtaani ni dakika kumi kwa mwendo wa 30. Safari yake ni kilomita nyingi za mwendo wa 80 kwenye njia nane za Kibaha hadi Kimara, kisha foleni ya kwenda Ubungo na Magomeni huku jua likipanda. Alichokijaribu ni gari la kwenda sokoni.

Nimeona watu wengi wakianguka hapo hapo, na wengi wao walikuwa wamekusanya hela hiyo kwa miaka. Ndiyo maana nimeziandika hatua zote kwa mfuatano. Natumia barabara ya Morogoro, inayotoka Kibaha hadi Posta katikati ya Dar es Salaam, kwa sababu ndiyo ninayoipita. Anayetoka Bunju, Mbagala au Chanika atabadilisha majina ya vituo tu.

## Andaa hivi kwanza

- Fedha katika mafungu mawili. Kama una milioni kumi, tafuta gari la milioni nane na nusu. Inayobaki ni ya tairi, oili, bima na kuhamisha umiliki. Anayemaliza hela yote kwa muuzaji huendesha miezi sita kwa tairi kipara.
- Fundi wako mwenyewe. Asiwe wa muuzaji wala wa dalali. Mlipe siku yake hata kama gari hamtalichukua, ili asiwe na sababu ya kukuambia "lipo safi".
- Kisomeo cha kompyuta ya gari. Ni kidude kidogo cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa Bluetooth.
- Tochi, kitambaa cheupe, sumaku ndogo na kipima upepo.
- TIN na kitambulisho cha NIDA.
- Asubuhi moja nzima. Muuzaji akikuambia una nusu saa kwa sababu kuna mteja mwingine njiani, mwachie huyo mteja.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya safari kabla ya kutazama gari

Kutoka Kibaha Maili Moja hadi Posta na kurudi ni kilomita 70 hivi. Kwa siku 22 za kazi unapata kilomita 1,540 kwa mwezi. Gari dogo zima, kwa mchanganyiko wa mwendo na foleni, mimi hunipa kilomita 13 hadi 15 kwa lita. Chukua 14: ni lita 110. EWURA, mamlaka inayosimamia bei ya mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tuseme lita ni shilingi 2,900, basi unachoma shilingi 319,000 kwa mwezi.

Ongeza sevisi. Kilomita 1,540 kwa mwezi ni zaidi ya 18,000 kwa mwaka, na oili ukiimwaga kila kilomita 5,000 unaingia gereji mara tatu hadi nne.

Hesabu ikizidi robo ya mshahara wako, nakushauri ubadili safari kabla ya kubadili ndoto: endesha hadi Kimara, liache gari mahali salama, panda mwendokasi. Wapo wanaofanya hivyo na magari yao yanadumu.

*Umefaulu ukiwa na tarakimu moja ya gharama kwa mwezi iliyoandikwa, na mwenza wako ameiona.*

## Hatua ya 2: Chagua injini na giaboksi, umbo baadaye

Hapa ndipo mapenzi huwapotosha watu. Wanaanza na rimu na rangi. Anza na swali hili: kila asubuhi mtakuwa wangapi ndani?

Ukiwa peke yako au wawili, injini ya cc 996 inatosha. Ni ile ya silinda tatu iitwayo 1KR-FE, iliyomo kwenye Toyota Passo ya cc 1000 na Vitz iliyotoka kuanzia 2005. Ina nguvu za farasi 71 hivi. Haili mafuta, na hutetemeka kidogo ikiwa imesimama. Mtetemo huo ni wa maumbile yake.

Mkiwa wanne na AC inawaka, injini hiyo italia kwenye miinuko ya Mbezi na Kimara. Utaikanyaga hadi mwisho, na ile nafuu ya mafuta itapotea. Chukua cc 1300. Kwenye Toyota IST ya kwanza, iliyotoka 2002 hadi 2007, kuna 2NZ-FE ya farasi 87, na ipo pia 1NZ-FE ya cc 1500. Injini hizo mbili ninazipenda kwa kazi hii. Hazilemewi mwendo wa barabara kuu, spea zake zimejaa Kariakoo na Ilala, na fundi wa kona yoyote ameshazifungua mara nyingi. Tena zinatumia cheni ya taimingi, hivyo huna mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Cheni hiyo hufa mapema kwa jambo moja tu, oili kuachwa ikageuka lami.

Kuhusu giaboksi, jua unanunua ipi. Passo na Vitz za cc 1000 za miaka ile, pamoja na IST ya kwanza, zina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Honda Fit ya kwanza, Vitz ya cc 1300 ya 2005 hadi 2010 na IST ya pili ya cc 1500 zina CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili badala ya gia. CVT nzima ni tamu kwenye barabara ndefu, inashusha mzunguko wa injini na kuokoa mafuta.

> Onyo: CVT hudai oili yake maalumu. Honda Fit ya zamani hutumia HMMF, Toyota wana ya kwao. Fundi akiweka ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, "kwa sababu zote ni oili", giaboksi hiyo inaanza kufa siku hiyo. Muulize muuzaji oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na iliwekwa ipi. Asipojua, jichukulie kwamba hatari hiyo ni yako na ipunguze kwenye bei.

Anayeagiza mwenyewe Japani akumbuke mambo mawili ya TRA, mamlaka ya mapato: gari lisilozidi cc 1000 halitozwi ule ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, na gari lenye umri wa miaka minane na kuendelea huongezewa ushuru wa uchakavu. Kikokotoo cha kodi kipo kwenye tovuti yao; ingiza gari lako kabla ya kutuma hela.

Anayenunua hapa mjini asidanganywe na herufi. "Namba D", yaani kibao ambacho herufi zake zinaanza na D, inaeleza gari liliandikishwa lini Tanzania, haielezi lilitengenezwa lini. Kuna gari la 2003 lenye namba D na gari la 2006 lenye namba C. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

## Hatua ya 3: Karatasi kabla ya nauli

Kabla ya kupanda daladala kwenda kuliona, omba picha ya kadi na namba ya usajili.

1. Ingiza namba kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya barabarani. Kosa moja ni shilingi 30,000, na gari lenye makosa kumi linakueleza pia tabia ya aliyeliendesha.
2. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.
3. Siku ya kuliona, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Jina la kadi likiwa si la anayekuuzia, mwenye jina aje. Asipopatikana, ondoka.

Kuna ukaguzi mmoja zaidi ambao karibu hakuna anayeufanya, nami nauona ni wa uhai. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000, Vitz na Honda Fit zikiwemo, yaliwekewa mifuko ya hewa yenye vilipuzi vya Takata. Viwanda viliyaita magari hayo yarudi kubadilishiwa, kwa sababu joto na unyevu wa miaka mingi huharibu kemikali iliyo ndani, na siku ya ajali kopo la chuma huweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam. Chukua namba ya chesisi, fungua ukurasa wa Toyota au Honda wa Japani wa magari yaliyoitwa, iingize, na utumie tafsiri ya simu kusoma jibu.

## Hatua ya 4: Likute injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa, mara nyingi ni moshi wa kuwasha asubuhi au mlio wa cheni.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi tu. Ndani utakuta moja ya mambo matatu:

- Kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, ya rangi safi, nyekundu, waridi au kijani. Vizuri.
- Maji ya kutu. Hapa pana maelezo. Maji matupu hula rejeta, pampu na njia za ndani ya injini. Gari la mtaani huweza kuishi nalo hivyo miaka. La barabara kuu litachemka, kama la mwalimu.
- Utando wa mafuta au rangi ya chai ya maziwa. Gasketi imekufa. Funga kifuniko, aga, rudi nyumbani.

Kisha liwashe na utazame dashibodi. Magari mengi ya aina hii hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu ya ubaridi na taa nyekundu ya kuchemka. Ya bluu inatakiwa izimike baada ya dakika chache za kuendesha. Ikibaki inawaka kilomita tano, karibu hakika thamostati, kile kizibo kinachozuia maji ya kupoza hadi injini ipate moto, imetolewa au imekwama wazi.

Mafundi wetu wana mazoea haya: gari likichemka, wanatoa thamostati, joto linashuka, mteja anashukuru. Ugonjwa wenyewe unabaki, na injini inayokimbia ikiwa baridi inakula mafuta kupita kiasi. Gari langu la kwanza lilikuwa hivyo. Nilikaa miezi mitano nikidhani mguu wangu mzito, napata kilomita tisa kwa lita, hadi fundi mmoja mzee akanionyesha tundu tupu mahali thamostati ilipopaswa kukaa.

Tazama pia taa ya SRS (mifuko ya hewa) na ya ABS (breki zisizojifunga). Ukifungua swichi, zote mbili ziwake, kisha zizimike. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, maana mtu ameing'oa ili usijue.

Vuta kijiti cha oili, kifutie kwenye kitambaa cheupe. Nyeusi si shida. Nzito yenye chembechembe ni shida. Nenda nyuma: moshi wa bluu wakati wa kuwasha maana yake injini inakula oili.

*Umefaulu ikiwa injini imeshika mara moja, taa zote zimezimika, na kitambaa chako hakikuonyesha kitu cha kutisha.*

## Hatua ya 5: Tairi, bila huruma

Kwenye mwendo wa 80 hakuna kitu kinachokuua haraka kama tairi. Kwa hiyo piga magoti, zisome zote nne.

Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka sita naibadilisha hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado zimejaa, kwa sababu jua la hapa linaukausha mpira. Pinda ubavu kwa kidole gumba. Ukiona mipasuko midogo kama kisigino kikavu, imekwisha.

Sasa tafuta neno STUDLESS. Gari lililotoka Japani huweza kuja na tairi za theluji, mpira wake laini kama kifutio. Kwenye lami ya moto huisha upesi, huyumba kwenye kona, na breki za ghafla huzifanya ziteleze. Zinang'aa, kashata zimejaa, na wauzaji huzisifia. Zihesabu kuwa hazipo na uzitoe kwenye bei.

Tairi za mtumba siziungi mkono kwa safari hii. Ukiwa huna hela ya nne mpya, nunua mbili mpya uzifunge nyuma, kwa sababu tairi za nyuma zikiteleza kwenye mvua gari hugeuka na huwezi kulirudisha.

Kagua na ya akiba. Mara nyingi ni ile nyembamba ya muda, isiyotakiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa.

## Hatua ya 6: Bodi na mafuriko

Pitisha sumaku milangoni, kwenye mapaja ya mbele (bodi iliyo juu ya tairi) na nguzo za paa. Isiponata, chini ya rangi kuna puti. Bampa lililogongwa si neno. Chesisi iliyonyooshwa ni neno, kwa sababu gari hilo halitakwenda moja kwa moja hata ukilifanyia alaimenti kila mwezi.

Kila masika maji hufunga njia pale Jangwani, na magari yaliyozama huuzwa. Vuta mkanda wa siti hadi mwisho kabisa. Mstari wa tope sehemu ambayo huwa imefichika hausafishwi na muosha magari. Inua kapeti, nusa.

## Hatua ya 7: Jaribio la barabara kuu, si la mtaa

Hapa ndipo mwongozo wote unaposimama. Ukiruka hatua nyingine unaweza kubahatika, hii usiiruke.

Muuzaji akae siti ya abiria, fundi nyuma, usukani ukamate mwenyewe. Toka Kimara saa nne asubuhi, nenda Kibaha, rudi. AC iwake muda wote, redio izimwe.

Kuondoka. Toka D kwenda R na kurudi D ukiwa umesimama. Mshtuko mkubwa ni mountingi za injini au giaboksi. Ukiweka D na gari likakaa sekunde mbili kabla ya kushika, giaboksi inaaga.

Kupandisha mwendo. Kwenye otomatiki ya kawaida sikiliza gia zikibadilika. Injini ikipiga kelele na mwendo usipande, inateleza. Hakikisha taa ya O/D OFF haiwaki. Wapo wanaoendesha miaka mizima wakiwa wamebonyeza kitufe hicho bila kujua. Gia ya nne haiingii, injini inalia, mafuta yanaisha.

Mwendo wa 80, pale alama zinaporuhusu. Ushike kwa kilomita kadhaa na usikilize kwa mikono:

- Usukani unatetemeka: balansi ya mbele au rimu iliyopinda. Ni jambo dogo.
- Siti inatetemeka, usukani umetulia: tatizo lipo nyuma.
- Mngurumo unaopanda na mwendo, ukibadilika unapoyumba kidogo kushoto na kulia: beringi ya tairi.
- Gari linavuta upande mmoja: alaimenti, au chesisi. Rudi hatua ya 6.
- Usukani unatetemeka unapofunga breki tu: diski zimepinda.

Kwenye mwinuko. Wote mkiwa ndani, AC inawaka, panda bila kupunguza mguu. Unataka gari lichoke kidogo lakini lisikate tamaa. Ukinusa oili au kulanti, simama.

Foleni. Ukirudi, nenda mbele hadi Ubungo ukae kwenye foleni makusudi. Gari likiwa limetoka kukimbia, sasa linasimama bila upepo. Hapo ndipo la jirani yangu lilianza kuugua. Egesha, acha AC inawaka dakika kumi, sikiliza feni ya rejeta ikiwaka na kuzimika. Feni isipowaka kabisa, umeshapata jibu.

Kompyuta. Chomeka kidude wakati injini bado ya moto. Joto la kulanti likicheza kati ya 80 na 100, sawa. Soma namba za makosa (code), kisha tafuta kipengele cha umbali tangu namba hizo zifutwe. Kikionyesha kilomita 12, mtu alifuta asubuhi ya leo. Magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengine hayasomeki na vidude hivi. Hayo mpelekee mwenye mashine kubwa.

*Umefaulu ukifika mwisho ukiwa na orodha ya mambo madogo yenye bei, bila hata moja lisiloeleweka.*

## Hatua ya 8: Bei na umiliki

Andika kasoro zote na bei zake za Kariakoo, mpe muuzaji karatasi. Hapana haja ya kumtukania gari lake. "Kaka, tairi nne, diski, thamostati, jumla hii hapa, tupunguze" inatosha, na mara nyingi anashuka.

Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria na ugongwe muhuri. Lipa kwa benki ili alama ibaki. Kisha anzeni kuhamisha umiliki TRA siku hiyo hiyo, wote wawili mkiwa na TIN. Ukisema "tutafanya wiki ijayo", muuzaji anasafiri, simu inazimwa, nawe unaendesha gari la mtu mwingine. Bima ndogo, inayolipa hasara za watu wengine tu, ndiyo kiwango cha chini cha sheria. Ikiwa gari hili ndilo akiba yako yote, nakusihi ufikirie kubwa, inayolipia na gari lako.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Kabla ya Jumatatu yako ya kwanza: mwaga oili ya injini na uweke filta mpya, weka kulanti halisi na thamostati, badilisha filta ya hewa, fanya balansi na alaimenti. Oili ya giaboksi weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Hakikisha una pembetatu za tahadhari, kizima moto na jeki inayofanya kazi.

Upepo wa tairi soma kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, upime asubuhi gari likiwa baridi.

Kisha jaza tanki hadi pampu ikate yenyewe, rudisha kihesabu cha safari sifuri. Endesha wiki nzima, jaza tena kituo kile kile, gawanya kilomita kwa lita ulizoingiza. Ukipata 13 au zaidi, endelea na safari zako na urudie hesabu kila mwezi, kwa sababu tarakimu hiyo hushuka kabla taa yoyote haijawaka. Ukipata chini ya kumi, rudi hatua ya 4 na uanzie kwenye taa ya bluu.